Ondoka Hata Supu Ikiwa Moto

Adelphi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Nekesa,

Nakuandikia nikiwa huku chini, chumba cha kufulia, nimekalia ndoo iliyogeuzwa. Nguo zako zinazunguka ndani ya mashine ya kukaushia, na kila zikizunguka ile sweta yako ya manjano inanipungia mkono kwenye kioo. Mama yako amenituma nizilinde, kwa sababu kuna mtu aliwahi kuondoka na shuka zetu humu. Sijui mtu mzima anakaaje na kulinda nguo zisizokauka, lakini kazi nimepewa, peni ninayo, na karatasi nimechomoa kwenye daftari la Wafula. Ukiona hesabu za kujumlisha upande wa nyuma, si zangu. Zangu zingekuwa sahihi.

Kesho asubuhi gari la kanisa linakupeleka Ohio, na mengi ya kuambiwa umeshaambiwa. Mama yako amemaliza habari za koti, dawa ya kifua, kutolala na nywele mbichi, na kutupigia kwa kadi ya simu kila Jumapili. Kina mama wa kanisa wamemaliza habari za wavulana, tena kwa undani ambao sikuutarajia kwa watu waliookoka. Mchungaji amekuonya kwamba mwaka elfu mbili kompyuta zote zitazimika, kwa hiyo ubebe mishumaa. Nimeangalia nikaona kila kitu kimegawiwa, nimebakiziwa Halowini peke yake.

Najua ni Agosti, na watoto hujivika vinyago Oktoba. Najua pia kwamba unaenda chuo kikuu, huendi kuomba peremende kwenye milango ya watu. Vumilia. Mashine hii bado ina safari.

Wazazi wengine wanaogopa mtoto akifika huko atasahau aliyofundishwa. Mimi naogopa utakumbuka. Kuna somo moja nililokupa mimi mwenyewe, nikalikazia miaka yote, na sasa nataka unirudishie kabla hujapanda gari: kwamba mtu mzima akikukaribisha hukatai, sahani uliyopewa huiachi, na nyumba ya watu hutoki mpaka uombe ruhusa na upewe. Nililipokea kwa baba yangu, naye kwa baba yake, na hakuna kati yetu aliyekaa kulichunguza. Kwetu Bungoma halikuhitaji kuchunguzwa. Kila nyumba ulikokaribishwa ilikuwa ya mtu anayemjua bibi yako, na ukileta ujinga kwenye nyumba hiyo, habari ingefika nyumbani kabla ya miguu yako. Tulikuwa tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimekuja kugundua ukubwani kwamba methali hiyo haisemi lolote kuhusu afya ya mgeni.

Unaukumbuka mwaka wetu wa kwanza hapa. Wafula alikuwa wa kubebwa mgongoni. Mama yako ndiyo kwanza ameanza kazi ya kuhudumia wazee kule Lanham, zamu ya jioni, na mimi nimeachiwa nyumba, watoto wawili na kuku mmoja, ambaye nilimchemsha kwa muda wa kuku wa kwetu. Kuku wa Marekani hahitaji muda huo. Nilipofunua sufuria nilikuta uji wenye mifupa.

Mlango ukagongwa. Nikafungua nikakuta watoto wanne. Mmoja alikuwa mifupa mitupu, mmoja mchawi mwenye kofia ndefu, mmoja amefunikwa shuka kutoka utosini hadi viatuni, na wa mwisho binti mdogo mwenye taji. Kila mmoja na mfuko wake. Wakaimba maneno yao. Kiingereza changu siku hizo kilikuwa cha kusoma magazeti, hakikuwa cha kuelewana na mifupa. Lakini mfuko niliuelewa. Kwetu mtoto akija mlangoni jioni na mfuko, ametumwa unga. Wakija wanne kwa pamoja, tena mmoja kajifunika shuka kwa kukosa nguo, hiyo ni njaa na huulizi.

Nikasema, "Karibuni ndani."

Wewe ulikuwa nyuma yangu. Ukasema, "Baba, nafikiri hawa..." Nikakukatiza, nikakuambia ulete maji ya kunawa. Hapo pashike: wewe ulikuwa na fikra, mimi nikakutuma maji.

Basi wakanawa, wakaketi, wakala. Mifupa alikula ugali kuliko wote, na kwa kweli alionekana kuuhitaji. Mwenye shuka alishindwa kupata mdomo wake mpaka ulipomfunga lile shuka lubega, akatoka mtoto mzuri mwenye madoadoa ya jua. Binti wa taji alijifunza kufinyanga tonge haraka kuliko mjomba wako, mtu mzima aliyeoa. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko, moyo umenijaa. Nikasema kumbe nchi hii si baridi kama wanavyosema. Unafungua mlango tu, watu wanaingia.

Ndipo Mama Furaha wa mlango wa pili akaja bila kubisha. Unamjua Mama Furaha, ametoka Bukavu na ameona mambo mengi, lakini siku ile alikuwa na sura ya mtu aliyeona jipya.

"Baba Nekesa, kuna mama moja muzungu eko inje analia, anatafuta batoto bake. Beko kwako?"

"Wako, wanakula."

"Banakula nini?"

"Ugali."

Akashika kichwa. Kisha akachungulia. "Na banaumaliza?"

Mama wao alipoingia nilimpa kiti. Hakukiona. Alikuwa amegeuka kidogo tu kule njiani kuzungumza na mtu, akarudisha macho, watoto wamemezwa na jengo. Aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa, akawashika mikono, akatoka nao. Binti wa taji aliondoka na mfupa wa paja la kuku kaushika juu kama fimbo ya kifalme. Hakuna aliyeaga. Nikamwambia Mama Furaha kwamba mwanamke yule hakulelewa.

"Apa banabapatiaka bonbon ku mulango, basi," akanifundisha. "Habaingiake. Mutoto akiingia kwa mutu hamujue, mama yake anaona kama amekufa."

"Kumpa mtu chakula mlangoni ni kumpa kama mbwa."

"Basi ni mbwa. Funga mulango, Baba Nekesa."

Mama yako aliporudi nilimsimulia nikitegemea huruma. Alicheka mpaka akavua viatu. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Na kama ni Nekesa angeingizwa kwa mtu hivyo?"

Nikasema, "Angekula."

Akaenda kukufunika blanketi. Mama yako akiwa na neno zito hulitunza mpaka lizae.

Miaka iliyofuata tulijifunza, kila mtu kwa kasi yake. Kuna mwaka kanisa lilisema ni sikukuu ya shetani, tukazima taa tukakaa gizani tukiomba, huku Wafula akitangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba tupo ndani. Mwaka uliofuata mchungaji mwenyewe alionekana dukani akinunua mfuko mkubwa wa chokoleti, mafundisho yakalegea. Mimi nikajipa wadhifa wa ukaguzi. Peremende zote zilimwagwa mezani, nikavaa miwani. Iliyofunguka karatasi, takataka. Iliyotengenezwa nyumbani na mtu tusiyemjua, takataka. Yenye karanga, upande wangu, kwa sababu Wafula alishavimba midomo kanisani kwa biskuti moja ya karanga na daktari akasema asiziguse tena. Mlalamike mnavyotaka, lakini kuna baba gani mwingine aliyekuwa tayari kula karanga zote za Halowini ili mwanawe apone?

Kuhusu hizo karanga kuna jambo niliona nikalidharau. Wafula alijifunza kukataa. Mtoto wa miaka minne, mama mchungaji mzima ameinama na sahani, naye anasema hapana asante, nitavimba. Wazee wa ukoo wetu wangezimia. Mimi nilimwona kama mtoto mwenye kasoro ambayo tutamwombea. Kumbe ndiye alikuwa mtu wa kwanza katika nyumba yangu aliyepewa ruhusa ya kukataa chakula cha mkubwa, tena kwa barua ya daktari. Wewe ulikuwa mzima wa afya, maskini, kwa hiyo ulikuwa unakula kila kitu.

Sasa nije kwenye mwaka wa popo.

Mtu wa kanisa alituambia Riverdale Park kuna nyumba zenye baraza ambako hawagawi peremende, wanagawa chokoleti nzima. Wafula alitaka kuwa popo, na mama yako akamshonea popo mweusi tii. Mimi ninayeshinda chini ya ardhi nikiongoza magari kwenye maegesho ya mjini, kazi yangu nzima ni kuhakikisha mtu anaonekana kabla hajagongwa. Nikasema mtoto mweusi, nguo nyeusi, usiku mweusi, barabara ya magari? Nikachukua fulana yangu kuukuu ya kazini, nikang'oa ile mistari inayong'aa, nikaishona kwenye mabawa. Kinyago nikakitoboa macho mapana ili aone pande zote, mpaka kikabaki zaidi kama miwani. Juu ya yote mama yako akaagiza koti. Tulipomaliza, popo alifanana na kibao cha barabara inayotengenezwa. Kila mlango watu walimuuliza yeye ni nini, naye akajibu kwa ukweli wake wote kwamba anasikia joto.

Wewe ulivaa yunifomu ya mama yako, ukasema wewe ni nesi na tusikuongezee chochote. Mimi nilivaa fulana yangu mpya ya kazini na kubeba tochi. Mama yako angetoka Lanham na gari baada ya zamu, atukute kwenye kona ya kituo cha basi.

Nilifanya kama wanavyofanya wazazi wa hapa. Nilisimama barabarani, ninyi mkapanda kwenye baraza, mkapokea, mkashuka. Utaratibu mzuri. Uliharibiwa na mtu mmoja aliyekuwa na gari refu. Alishusha kioo, akatazama fulana yangu na tochi, akaniuliza aegeshe wapi.

Mwanangu, ningeweza kumwambia sihusiki. Lakini palikuwa na nafasi pale, nzuri, na yeye alikuwa ameanza kurudi nyuma vibaya, na mtu akirudi nyuma vibaya mbele yangu nahisi kama jino linang'olewa. Nikasimama nyuma yake. Njoo, njoo, kata kulia, njoo, nyoosha, njoo, hapo. Aliingia kama mkono kwenye glavu. Akanishukuru. Nikageuka nikiwa nimejaa sifa, na ninyi hamkuwepo.

Mtaa ulikuwa na watoto tele. Popo wangu, niliyemshona aonekane kutoka mwezini, hakuonekana popote. Ndipo nilipoelewa kwamba mistari ile ina kasoro moja. Haing'ai kupitia ukuta.

Nikaanza kugonga milango. Fikiria kilichofuata kutoka upande wao. Mlango unafunguliwa, kuna mwanamume mkubwa anayehema, kavaa fulana ya rangi ya machungwa, ana tochi, anasema wanangu, wanangu. Yule mama wa kwanza akapiga makofi. Akaita mumewe aje aone. Akasema nimeigiza vizuri sana, akanitia chokoleti mkononi. Nikasema mama, nawatafuta watoto. Akaniongeza ya pili. Nami sikuweza kukataa, Nekesa. Watoto wangu wamepotea na mimi nasema asante, Mungu akubariki, natia mfukoni, nakimbilia mlango wa pili. Nilipofika nyumba ya mwisho upande ule mifuko ya suruali ilikuwa imetuna kama ya mwizi wa viazi. Nilikuwa nalia kidogo pia. Hilo sikuwahi kukuambia.

Niliwaona dirishani. Nyumba ndogo yenye mbao za rangi ya kahawa. Popo alikuwa ameketi mezani, anang'aa chini ya taa kama mtakatifu. Wewe ulikuwa kando yake umenyooka mgongo, una kijiko. Mbele yenu mzee mmoja wa Kizungu na sufuria.

Nikagonga. Nikasikia mnyororo wa mlango ukitolewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali ya Kiingereza, nimeyapanga njia nzima. Mzee akafungua, akanitazama, akasema nje kuna baridi, ingia, supu iko moto.

Unajua nilichofanya. Niliingia. Nikaketi. Akanipakulia supu ya maharagwe na kipande cha mkate wa mahindi, na mimi, niliyekuja kuwaokoa, nikawa mateka wa tatu.

Wafula peke yake ndiye aliyekuwa na mpango. Alikuwa hajaonja hata kijiko, akauliza kama kuna karanga, na mzee akalazimika kuleta makopo yote na kuyasoma moja moja. Mimi nilimkonyeza mtoto aache kumchosha mwenyeji. Wewe ulikuwa kwenye sahani ya pili. Nikafurahi. Nilisema moyoni, huyo ndiye binti yangu, hata ugenini hanitii aibu.

Sikutazama mkono wako wa kushoto. Ulikuwa chini ya meza, umeshika bawa la Wafula.

Mama yako aliona ile fulana yangu dirishani alipokuwa anazunguka mtaa kwa gari. Alikuja mlangoni na sare yake ya kazi, kwa hiyo mzee akaona manesi wawili siku moja. Akamkaribisha. Mama yako akamsalimia vizuri, akamshukuru kwa chakula, lakini mguu haukuvuka kizingiti. Mzee akamkaribisha tena. Mama yako akasema hapana, asante. Akakaribishwa mara ya tatu. Hapana, asante. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akisema hapana mara nyingi vile na bado jengo limesimama.

Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Nekesa. Tokeni."

Tukatoka. Garini niliwaka.

"Umemwaibisha mzee wa watu."

"Nimemsalimia."

"Umesimama mlangoni kama polisi."

"Nimesimama mahali pa kutokea."

"Sasa mzee atasema Waluhya hawana adabu."

"Akisema hivyo, atakuwa amesema watoto wangu wakiwa nyumbani wamelala."

Ndipo ukasema kutoka kiti cha nyuma. Mwaka ule ulikuwa unajibu kila kitu kwa Kiingereza, hata salamu za bibi yako kwenye simu. Lakini hilo ulilisema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine.

"Alipotia mnyororo niliogopa. Nilitaka kutoka na Wafula. Lakini Baba alisema hatukatai."

Basi. Na kwa sababu ulisema kwa Kiswahili sikuweza kuisingizia Marekani, wala shule, wala televisheni. Neno lilikuwa langu na sauti ilikuwa yako. Chokoleti za watu zilikuwa zinayeyuka mifukoni mwangu na sikuthubutu kusogea. Mama yako aliwasha taa ya kukunjia kushoto akaingia University Boulevard, na lile neno zito alilolitunza tangu mwaka wa ugali hakulitoa. Halikuwa na haja tena.

Kuna sehemu ya pili hamkuijua. Jumapili baada ya ibada nilipika kuku, safari hii kwa muda unaofaa, nikapanda basi nikarudi Riverdale Park kuomba radhi kwa ajili ya mama yako. Nilijua nitamkuta mzee amenuna. Nilisikia mnyororo, mlango ukafunguka. Akatazama kuku, akanitazama mimi. Nikaanza hotuba yangu. Akaikatiza.

"Mke wako aliuona mnyororo," akasema.

Akaniambia ni mazoea tu, tangu abaki peke yake kwenye nyumba ile. Mkono unafunga wenyewe. Tulipoondoka ndipo alipoosha vyombo akakiona kiti chako, akautazama mlango kutokea kwenye kile kiti, akaona unavyoonekana. Alisema hakulala vizuri. Alisema mama yako ana akili, na kama angekuwa na binti angetaka asimamiwe hivyo mlangoni. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Aliyekuwa amekasirika ni mimi, kwa niaba yake, bila kutumwa.

Kisha akasema, ingia.

Nikasema, "Leo hapana, asante."

Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu na sijawahi kulitamka neno hilo mlangoni pa mtu. Nikangoja kitu kitokee. Mzee akasema sawa, akavuta kiti kimoja akakitoa barazani, akavuta cha pili, tukaketi nje na makoti yetu, kuku katikati, tukazungumza mpaka mafuta yakaganda. Hakuna aliyekufa. Nilipoaga aliniambia niwalete watoto wakati wowote, na mlango atauacha wazi. Mkaenda, na akauacha. Wafula mpaka leo anampelekea makopo ayasome.

Nimefikiria sana habari ya kile kiti barazani, hasa chini kule kazini ambako hakuna cha kufanya ila kufikiri na kupumua moshi. Mtu mwema ukimkatalia, anahuzunika kidogo halafu anatafuta kiti kingine. Yule ambaye hapana yako inamuudhi sana, anayekuuliza kwani wewe ni nani, anayesema kwenu hamfundishwi adabu, huyo ndiye hasa uliyepaswa kumkatalia. Na atatumia maneno yangu, Nekesa. Hilo ndilo linaloniuma. Atasema usiwe na kiburi, kaa, maliza, unaenda wapi mapema hivi, na masikio yako yatasikia kama ni baba anayesema.

Huko unakokwenda watavaa kila siku, si mwezi wa kumi tu. Wengine watavaa uprofesa, wengine wokovu, wengine watavaa kuwa watu wa kwetu, na hao wana Kiswahili kitamu kuliko changu. Wengi ndani ya vazi ni watoto wa watu wenye madoadoa ya jua, na utakula nao na mtacheka. Sikutishi. Sisi tulioishi kwa kukaribishwa hatuwezi kukaa tunaogopa kila mlango, tungekufa njaa. Lakini ukisikia mnyororo, wowote ule, hata ule ambao wewe peke yako umeusikia, hiyo ndiyo karanga yako. Usingoje uvimbe ndipo uamini. Usingoje kueleza. Wafula hajawahi kumweleza mtu sayansi ya karanga, anasema nitavimba na anaweka sahani chini.

Ondoka hata supu ikiwa moto. Ondoka bila kuomba ruhusa, acha na koti ikibidi, ingawa hilo mama yako asilione. Na baadaye ukigundua kumbe ulikosea, mtu alikuwa mwema na mnyororo ulikuwa wa mazoea, usijitese. Nipe jina lake na njia ya kufika. Nitapanda basi mpaka Ohio na kuku kwenye mapaja, nitagonga mlango wake, nitamwambia binti yangu hakukosa adabu, adabu ilichelewa kidogo njiani, nimeileta mimi. Kazi hiyo naijua. Ni mimi niliyekufunga kwa somo lile, kwa hiyo radhi zote niachie mimi. Wewe toka kwanza.

Mashine imenyamaza. Jirani mmoja amesimama mlangoni na kapu lake ananitazama kama mtu anayeandika wosia kwenye ndoo. Nitakunja nguo zako vibaya, mama yako atazikunja upya, na barua hii nitaitia kwenye mfuko wa ile sweta ya manjano.

Halowini hii nitampeleka Wafula mwenyewe. Nilimuuliza anataka kuwa nini safari hii, akanijibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho kwenye televisheni, kwamba anataka kuwa mimi. Ameomba fulana na tochi. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba tukiona gari linarudi nyuma vibaya, sote wawili tutatazama pembeni.

Nenda salama, mama. Na ukishindwa kwenda salama, rudi salama, hata katikati ya muhula, hata bila sababu nzuri. Mlango wetu hauna mnyororo. Niliutoa mwaka ule ule.

Baba yako

Nimesahau: kwenye mkoba wa kijani kuna kuku wa njiani, na atabaki. Yule msichana mtakayelala naye chumba kimoja, mkaribishe. Akisema hapana, mara moja inatosha.